Mawaridi ya Ndoo ya Nyuma

Mama Mwenyekiti wa chama cha wake wa kambini hakuwa mtu wa kuagiza maua kwa simu. Alivuka barabara mwenyewe kutoka kambi ya jeshi, mkoba kwapani, akaegemea meza ya duka kana kwamba anaegemea dirisha la jikoni kwake.

"Mwanangu Tumba, nina bibi harusi," alisema. "Nifungie mawaridi kumi na mawili. Anaingia nyumba za familia wiki hii."

"Heri yake. Namba ngapi?"

"Thelathini na mbili."

Tumba akavuta daftari. Desturi hiyo aliijua tangu akiwa mdogo. Mke mpya akihamia kambini, waliomtangulia humpelekea maua ili asijione mgeni. Jina haliandikwi. Kambini watu hawatajwi ovyo ovyo, unapeleka kwa namba ya nyumba, na atakayefungua mlango ndiye anayetia sahihi.

"Ni wa nani?" aliuliza, kuuliza tu, kalamu ikiendelea.

"Ofisi ya nyumba hunipa namba, mwanangu, hainipi mtu. Ila nasikia ni wa yule Koplo wa redio. Yule mrefu anayecheka kwa bega."

Kalamu ikasimama.

"Mbona kimya?"

"Nahesabu maua, mama."

"Kumi na mawili unayahesabu mpaka unatoka jasho?" Mama Mwenyekiti akacheka, akaubana mkoba vizuri, akaenda zake. Hakujua alichokiacha juu ya ile meza.

Koplo wa redio alikuwa mpenzi wa Tumba. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Ijumaa iliyopita tu walikaa nyuma ya tangi la maji, akamshika vidole kimoja kimoja akimtoa miiba kwa koleo lake dogo la kushikia nyaya, akipuliza kila kidole alichomaliza. Alisema, "Mikono hii ningeitengenezea glavu za chuma kama ningejua kushona." Hakusema neno juu ya nyumba. Wala juu ya bibi harusi.

"Nani huyo alikuwa anacheka?" Mama yake aliuliza kutoka nyuma, alikokuwa amekaa kwenye kigoda akikwangua miiba.

"Mama Mwenyekiti. Anataka maua ya bibi harusi wa kambini."

"Maskini," mama akasema, akaendelea na mkasi wake.

Mama hakuwa amevuka geti la kambi tangu Tumba alipokuwa na miezi minane. Mumewe alikuwa askari. Alipofia kazini, ofisi ilimpa mjane siku saba za kutoka. Alitoka siku ya sita, mtoto mgongoni, godoro kichwani, na mkononi shina moja la waridi alilolichimbua uani pamoja na udongo wake na kulifunga kwenye gunia. Shina lile lilizaa bustani, na bustani ikazaa duka. "Nyumba ya kambi ni mwavuli wa kuazima," alikuwa akisema. "Mvua ikianza, mwenyewe anaufuata."

Ndiyo maana Koplo hakuwahi kupata jibu dukani pale. Kila asubuhi alisimama mbele ya meza akasema, "Shikamoo mama." Na kila asubuhi mama alimjibu, "Unanunua nini?" Maskini, akanunua. Akilipia ua moja, anapiga hatua mbili, anampa Tumba palepale, na Tumba analirudisha ndooni. Kuna waridi moja alilinunua mara nne.

Mtu wa namna hiyo ana bibi harusi?

Tumba akajiambia labda Mama Mwenyekiti amechanganya. Warefu kambini wako wengi. Lakini moyo ukishapanda mbegu ya shaka haungoji mvua. Akakumbuka rangi nyeupe kwenye kucha za Koplo, wiki ya tatu sasa. Alipomuuliza alisema ni mafuta ya mitambo. Tangu lini mafuta ya mitambo yakawa meupe? Akakumbuka simu zisizopokewa jioni. "Nilikuwa zamu, mpenzi." Zamu kila siku, kwani kambi nzima ina redio moja? Akakumbuka swali moja la ajabu, wamekaa tu, hawazungumzi lolote: "Hivi pazia la bluu linapendeza?" Naye alijibu kwa moyo mweupe kwamba linapendeza sana. Kumbe alikuwa anamchagulia mwanamke mwingine pazia.

Akaenda kwenye ndoo.

Duka lilikuwa na ndoo za mbele na ndoo ya nyuma. Za mbele ni maua ya asubuhi ile, shingo ngumu, tumba zimebana. Ndoo ya nyuma ni ya yale yaliyokaa siku tatu nne, ya kutupwa au ya kuanikwa. Hayakuuzwa. Hiyo ilikuwa sheria ya mama, na Tumba hakuwahi kuivunja.

Siku hiyo aliinama kwenye ndoo ya nyuma. Akalibonyeza moja chini ya kichwa, likawa laini kama sikio. Akalichukua. Akachagua kumi na mawili ya namna hiyo, akayavua petali za nje zilizoanza kuwa kahawia, moja moja, mpaka yakabaki yanameta kama yamekatwa alfajiri. Mtu asiye wa kazi asingejua. Yangesimama leo, kesho yakalegea, keshokutwa bibi harusi angeamka akute meza imejaa petali. Akayafunga kwa utepe mweupe, fundo zuri kuliko yote aliyowahi kufunga.

"Umetoa ndoo ipi?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Ya mbele."

Tumba akapakia maua kwenye kreti ya baiskeli, akavuka barabara.

Sajenti wa getini waliyemwita Sindano alikuwa kibandani na kile chuma chake kirefu cha kuchomea magunia. Hakuna shada lililopita bila kudungwa.

"Dada Maua. Shusha tuone."

"Afande, hayo ni maua, si gunia la mchele."

"Kazi ni kazi. Tangu nianze kuchoma maua yenu sijakuta bomu, lakini nimekuta nyuki." Akadunga taratibu. "Tena nyuki mwenyewe ndiye aliyenikuta mimi. Unakwenda namba ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Aa, kwa Koplo." Sindano akatabasamu kama mtu anayejua habari tamu. "Huyo bwana ana mambo. Jumapili kapitisha godoro la watu wawili. Nikamwambia, wewe mtu mmoja una miguu mingapi? Akacheka kwa bega lake lile."

Kumbe si warefu wengine. Tumba alijilazimisha kucheka.

"Na mwenyewe, bibi harusi, ulimwona?"

"Mimi huona vitambulisho, dada yangu. Cha mwanamke hakijapita kwangu. Ila kioo nimekiona. Pazia nimeliona. Na ndala za kike."

"Ndala za nani?"

"Si zangu. Mimi navaa namba kumi."

Alipita. Nyumba za familia zilikuwa zimepangwa mistari minne, zote za matofali, zote na mlango wa kijani na namba juu yake. Watoto walicheza mpira wa makaratasi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alimpungia mkono, akamwambia, "Leo unampelekea nani, Dada Maua? Siku yangu itafika lini?" Tumba akamjibu, "Karibu, dada," bila kujua amesema nini. Macho yake yalikuwa yanasoma milango. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja.

Mlangoni pa thelathini na mbili palikuwa na ndala mpya za kike, nyekundu, zimewekwa sambamba, pua zikitazama ndani. Dirishani lilining'inia pazia la bluu.

Akabisha.

Aliyefungua ni Koplo. Fulana ya ndani, chokaa nyusini, brashi mkononi. Alipomwona, brashi ikamdondoka, ikaacha doa jeupe juu ya buti lake.

"Tumba? Nani kakwambia?"

Katika maneno yote ambayo mwanamume angeweza kuyasema mlangoni, Tumba alijua hayo ndiyo mabaya kuliko yote.

"Nimeleta maua ya bibi harusi," alisema. "Mwite aje atie sahihi."

"Ingia kwanza."

"Siingii nyumba ya mtu bila mwenyewe kunikaribisha. Mwite."

"Hayupo."

"Yupo wapi?"

"Hayupo, Tumba. Yaani… bado."

"Ndala zimetangulia?"

Koplo akatazama ndala, akamtazama yeye, akajifuta uso na kuzidi kujipaka chokaa. Nyuma yake Tumba aliona meza ndogo yenye vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa. Aliona kioo ukutani, kimetundikwa chini kuliko kimo cha mwanamume. Yule bibi harusi ni mfupi, aliwaza. Mfupi kama mimi. Basi ana aina yake anayoipenda, anabadilisha sura tu.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema, sauti yake ikiwa ya chini na kavu. "Ijumaa, ulipokuwa unanitoa miiba, tayari ulishamnunulia ndala?"

"Ndiyo, lakini…"

"Basi. Imetosha."

"Ngoja. Usiondoke. Nakuletea kitu." Akakimbilia chumba cha ndani. Tumba akasikiliza kwa makini kama kuna kunong'ona, kama kuna dirisha linalofunguliwa, kama kuna mtu anaambiwa apitie nyuma. Alisikia droo tu.

Koplo alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Soma."

Ilikuwa nakala ya fomu ya ofisi ya nyumba, yenye muhuri. Jina la askari. Kikosi. Kisha, kwa mwandiko wa Koplo uliolala upande: jina la mke mtarajiwa. Tumba akasoma jina hilo mara mbili. Lilikuwa jina lake, lile la cheti cha kuzaliwa ambalo hata mteja mmoja hakulijua. Chini yake jina la baba, na neno *marehemu*. Chini yake: *Mzazi wa mke ameridhia?* Na mbele ya swali hilo alama ya vema, imekolezwa.

Moyo ulipoa kwanza. Ilikuwa kama maji baada ya kiu, na kwa muda wa pumzi tatu alitaka kuketi pale sakafuni alie. Hapakuwa na mfupi mwingine. Kioo ni chake. Ndala ni zake. Zake za zamani zilikatika mbele ya Koplo, mwezi uliopita, akarudi nyumbani peku wakicheka wote wawili.

Kisha akaisoma ile alama ya vema tena.

"Mama yangu ameridhia lini?"

Koplo akainamia doa jeupe juu ya buti lake.

"Nimekuuliza."

"Nyumba zinatoka tatu kwa mwaka, Tumba. Foleni ina watu sita. Waliniita, wakasema jaza leo au subiri miaka miwili, na cheti cha ndoa ulete ndani ya miezi mitatu. Nikasema nitamwomba mama ndani ya hiyo miezi mitatu. Nilitaka nikuonyeshe nyumba ikiwa imekamilika. Nilitaka ufurahi."

"Ukaniandika kama unavyoandika betri za redio. Moja, ipo, imepokelewa."

"Niliogopa nikikuuliza utakataa."

"Mtu huulizwa kwa sababu anaweza kukataa." Akaikunja ile karatasi kwenye mikunjo yake ileile. "Unajua mama yangu alitokaje humu?"

"Najua. Uliniambia."

"Unajua, na ukakoleza kalamu."

Koplo alikaa kwenye kizingiti. Mtu mrefu akikaa chini huonekana kama amevunjika. "Mimi sina mwanamke mwingine," alisema. "Hilo angalau liamini."

"Nusu saa iliyopita nilikuwa na hakika unaye. Kwa sababu ulianza kunificha rangi ya kucha zako. Ukinificha jambo jema, nitajuaje siku ukificha baya?"

Koplo hakutunga uongo wa kujitetea. Hilo Tumba aliliona, akaliweka moyoni pembeni.

Akamwekea shada mapajani.

"Haya ni yako sasa. Yatie maji."

"Nitayatunza wiki nzima. Mama Mwenyekiti anasema maua yenu hukaa wiki."

"Hayatakaa. Yana siku mbili." Tumba akahisi uso unawaka. "Niliyachagua yaliyochoka, nikayavua petali za nje. Nilitaka bibi harusi wako aamke akute yamepukutika."

Bega la Koplo likaanza kutikisika, likaacha. "Mchimba kisima," alisema polepole.

"Huingia mwenyewe. Najua, usinimalizie." Akachukua baiskeli. "Umeidanganya ofisi, na umemsemea mama yangu asichokisema. Yarekebishe hayo mawili kabla ua la mwisho halijapukutika. Ukishindwa, usivuke barabara tena, hata kununua."

"Na daftari? Nani atatia sahihi?"

Tumba akalifungua juu ya tandiko la baiskeli, akaandika: *32. Nyumba haina mke.* Akaenda.

Siku ya kwanza ilipita. Koplo hakuja kusema shikamoo, na mama, aliyeishi mwaka mzima akiikataa salamu hiyo, alitazama saa ya ukutani mara tatu. Hakuuliza kitu.

Siku ya pili, mchana, Mama Mwenyekiti alivuka tena, uso umekunjamana.

"Mwanangu, yale maua yalipotea bure. Yule bibi harusi hayupo. Thelathini na mbili leo kaingia fundi wa magari na mkewe na watoto wanne. Nifungie mengine, na safari hii niwekee na majani."

"Na Koplo?"

"Sijui. Wanasema alikwenda ofisini mwenyewe, akatoka na godoro kichwani. Labda mwanamke kamkimbia. Wanaume wa redio, wanaongea na dunia nzima, nyumbani hawasikiki."

Tumba alifunga maua yale kutoka ndoo ya mbele, mkono ukienda wenyewe. Basi amefuta. Lakini amefuta nini? Mtu akifuta nyumba anaweza kufuta na jina lililokuwa ndani yake. Labda amechoka. Labda ameona mwanamke huyu na mama yake wana masharti mengi kuliko kambi. Jua lilivuka bati la duka, likaanza kushuka, na barabara ikabaki tupu.

Saa kumi akamwona.

Alitoka getini bila sare, shati limepigwa pasi, ameshika kopo la maziwa ya unga kwa mikono miwili kama mtu anayevusha taa kwenye upepo. Ndani ya kopo kulikuwa na vijiti kumi na kimoja vitupu, na waridi moja lenye petali nne.

Alisimama mbele ya meza. "Shikamoo mama."

Mama hakuinua kichwa. "Unanunua nini?"

"Leo sinunui, mama. Nimekuja kusema. Kwenye fomu ya ofisi niliandika kwamba umeridhia nimwoe Tumba. Hukuridhia, na Tumba sikumwuliza. Jana nilikwenda kwa ofisa nikamwambia nilidanganya. Nimepewa onyo. Jina langu limerudi mwisho wa foleni."

Mkasi wa mama ukasimama. "Na nyumba?"

"Wameichukua."

"Walikupa siku ngapi za kutoka?"

"Saa mbili."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Mimi walinipa saba," alisema. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni, kwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta pa kumbonyeza aone kama shingo ni ngumu. "Godoro liko wapi?"

"Kwa Sindano, kibandani. Analikalia."

"Na hilo kopo mbona umelibeba?"

"Sina pa kuliweka, mama. Bwenini hawaruhusu."

Mama akanyoosha mkono. Akalipapasa ua chini ya kichwa kwa kidole gumba, na petali moja ikaanguka.

"Hili ni la ndoo ya nyuma."

"Nilimpa mimi," Tumba akasema haraka. "Juzi. Nilikudanganya."

"Kwa ubaya?"

"Kwa ubaya."

"Basi mmeanza sawa." Mama akakata kikonyo kwa mshazari, chini kabisa, akalitumbukiza lile ua lenye petali tatu katikati ya maua mapya, kwenye ndoo ya mbele. Akafuta mkasi kwa upindo wa nguo. "Posa yako sijaisikia, na nikiisikia nitakuwa na maswali. Lakini kuna kitu umekuwa ukikisema hapa mwaka mzima. Kiseme tena."

Koplo akamtazama Tumba. Tumba akatazama ndoo, maana angemtazama yeye angelia.

"Shikamoo mama."

Mama akakisukuma kigoda cha pili kwa mguu mpaka upande wake wa meza.

"Marahaba," alisema. "Kaa hapo, ushike mkasi. Miiba hii haijikwangui."